Shajara ya mradi: tezi mlinzi kwa teknetiamu, Kisumu, wiki ya 1 hadi ya 14

Mradi una kazi moja: mama mwenye saratani ya titi anayepasuliwa Kisumu atafutiwe tezi mlinzi kwa dawa yenye mionzi, teknetiamu, asisafishwe kwapa lote, yaani kutolewa tezi zake zote, bila sababu na asitegemee rangi ya bluu, inayodungwa titini ili ipake tezi hiyo, peke yake. Tezi mlinzi ni tezi limfu ya kwanza kupokea maji ya limfu yatokayo kwenye titi. Ikiwa safi, zilizo nyuma yake kwa kawaida ni safi pia, na kwapa huachwa lilivyo, mkono ukaepushwa na uvimbe wa kudumu. Hospitali haina kamera ya gama, inayopiga picha za mionzi ndani ya mwili, wala jenereta ya teknetiamu, chombo kinachozalisha teknetiamu yenyewe. Ina thieta, maabara ya patholojia na probu moja ya gama, kigunduzi cha mkononi kinacholia kinapokuta mionzi. Saa zote humu zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24. Sababu iko wiki ya 6.

Wiki ya 1

Swali la kwanza mezani lilikuwa la haki: rangi ya bluu ni rahisi, ipo dukani, haihitaji leseni. Mionzi ya nini?

Kwa mama ambaye hajapata kemo na kwapa lake halina uvimbe, rangi peke yake mikononi mwa mpasuaji mzoefu hufanya kazi, ingawa huwezi kuiona kabla hujakata ngozi, na tezi ikijificha nyuma ya mafuta unachimba kwa kubahatisha. Probu inakuonyesha mahali pa kukata kabla ya kisu. Utafiti mkubwa wa NSABP B-32 ulitumia njia zote mbili pamoja na ukapata tezi mlinzi kwa asilimia 97.2, hata hivyo, asilimia 9.8 ya waliokuwa na saratani kwapani walionekana safi kwa tezi mlinzi. Kwa hiyo hata njia bora ina tundu.

Kilichoamua mjadala ni wagonjwa tulio nao. Wengi hufika uvimbe ukiwa mkubwa na tezi za kwapa zikiwa zimeguswa, wakaanzishiwa kemo kabla ya upasuaji. Kemo huacha makovu kwenye njia za limfu. Utafiti wa ACOSOG Z1071, uliochapishwa 2013, ulichunguza hali hiyohiyo: waliotumiwa kifuatiliaji kimoja tu, yaani rangi au mionzi, tezi zilidanganya kwa asilimia 20.3, waliotumiwa rangi na mionzi pamoja, asilimia 10.8. Mmoja kati ya watano dhidi ya mmoja kati ya kumi hivi. Kwa kundi hili rangi peke yake haitoshi, na hapo ndipo mradi ulipopata sababu ya kuwapo.

Njia nyingine zilipitiwa kwa haraka. Rangi ya kijani inayong'aa kwa mwanga wa infraredi inahitaji kamera yake. Chembe za chuma zenye sumaku hazichakai, jambo zuri kwa mji ulio mbali na jenereta, lakini zinahitaji probu nyingine, vyombo vya thieta visivyo vya chuma, na huchafua picha za MRI za titi kwa muda mrefu. Zimewekwa kando.

Wiki ya 2

Teknetiamu-99m hutoa miale ya gama ya keV 140 (kipimo cha nishati) na nusumaisha yake, muda wa mionzi kupungua nusu, ni saa 6.01. Namba hiyo ya pili ndiyo bosi wa mradi. Hukamuliwa kutoka jenereta ya molibdeni-99, ambayo nusumaisha yake ni saa 66, kwa hiyo jenereta ya Jumatatu ikifika Ijumaa imebaki na thuluthi moja hivi ya nguvu zake.

Kununua jenereta yetu kila wiki kulikataliwa. Jenereta hujilipa pale kuna kamera ya gama inayopiga picha za mifupa, figo na thairoidi kila siku. Kwa mama wawili au watatu wa Jumatano ni sawa na kununua ng'ombe mzima kwa glasi moja ya maziwa. Tutaletewa dawa iliyokwisha kuchanganywa kutoka kituo cha Nairobi.

Barabara: kilomita 350 hivi kupitia Nakuru na Kericho, na malori ya Mau Summit hayajui ratiba ya thieta. Ukihesabu saa 7 mlango kwa mlango, inabaki asilimia 45 ya mionzi. Ndege ya asubuhi: chini ya saa moja angani, saa 3 hivi mlango kwa mlango, inabaki asilimia 71. Lakini si mionzi iliyoua wazo la barabara. Mionzi ikipungua unaagiza zaidi. Kilichoua ni karatasi ya kiti, yaani pakiti ya kuchanganyia dawa: koloidi ya albumini tuliyochagua, chembe ndogo za protini zinazobeba teknetiamu, hutakiwa itumike ndani ya saa 6 tangu ichanganywe. Saa 7 za lori na dawa imeisha muda kabla haijafunguliwa.

Wiki ya 3

Kifurushi. Kanuni za kimataifa za usafirishaji humruhusu mtumaji kutumia kifurushi cha msamaha, chenye namba UN2910, iwapo dawa ya maji yenye teknetiamu-99m haizidi MBq 400 (megabekereli, kipimo cha wingi wa mionzi) na kipimo juu ya sanduku hakizidi mikrosiverti 5 kwa saa (kipimo cha mionzi inayoufikia mwili). Ukivuka hapo unaingia kwenye kifurushi cha Aina A, UN2915, chenye lebo za mionzi na karatasi zaidi. Tunataka kubaki chini ya 400.

Risasi, metali nzito ya kuzuia mionzi, si tatizo kwa nishati hii: kila milimita moja hivi hupunguza miale mara kumi, kwa hiyo mkebe wa mm 3 unaipunguza karibu mara elfu. Uzito wake ni wa kubebeka kwa mkono mmoja. Karatasi ni nzito kuliko risasi.

Wiki ya 4

Leseni. Ombi liko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Wameomba ramani ya chumba cha kudungia, jina la afisa wa usalama wa mionzi, na mpango wa taka. Hakuna kingine kilichosonga.

Wiki ya 5

Jaribio la sanduku tupu, mara mbili, likiwa na kichupa cha maji na kipimajoto kinachojiandikia kila dakika 2. Koloidi ikishachanganywa haitakiwi kuzidi nyuzi 25.

Safari ya kwanza: angani nyuzi 21 hadi 23, sawa. Kisha sanduku likakaa juu ya toroli kwenye lami ya uwanja wa ndege wa Kisumu kwa dakika 26, jua la ziwa likilipiga, na kipimajoto kikapanda hadi 31. Safari ya pili tuliweka pakiti mbili za jeli zilizotoka kwenye friji ya kawaida, si friza. Zilizoganda hugandisha upande mmoja wa kichupa, na koloidi iliyoganda huungana ikawa chembe kubwa zisizopita kwenye mishipa ya limfu. Kilele cha safari ya pili kilikuwa 24. Mpokeaji sasa ana kibali cha kusubiri ndani, karibu na mizigo, badala ya nje kwenye maegesho.

Asubuhi pia ina faida ya hali ya hewa. Mvua za radi za Kisumu huja alasiri. Upande wa Nairobi adui ni ukungu wa alfajiri wa Juni na Julai.

Wiki ya 6

Zoezi la karatasi. Tulimpa fundi lebo ya mfano yenye maneno haya: «MBq 200 kwa ml 1, saa 5:00». Tukamwomba ahesabu ni mililita ngapi avute saa 09:00 ili apate MBq 25.

Akahesabu vizuri kabisa, akapata jibu la nusu ya linalotakiwa. Alisoma «saa 5:00» kama kila mtu anavyoisoma sokoni Kibuye: saa tano asubuhi, yaani 11:00. Mtumaji alimaanisha 05:00, saa kumi na moja alfajiri. Kwa usomaji wa fundi dawa ilikuwa bado haijafika saa yake ya kipimo, hivyo saa 09:00 ingekuwa na MBq 252 kwa ml. Ukweli ni 126. Badala ya ml 0.2 alivuta ml 0.1.

Tofauti kati ya saa ya Kiswahili na saa ya ukutani ni saa 6. Nusumaisha ya teknetiamu ni saa 6.01. Kosa la lugha hapa ni kosa la mara mbili kamili, halina desimali za kumtia mtu shaka. Kama tungekuwa tunatumia isotopu yenye nusumaisha nyingine, jibu lisingetoka mara mbili kamili na pengine mtu angeuliza. Hili linatoka safi, linafanana na jibu sahihi la mtu mwingine.

Hatua tatu zimewekwa. Lebo, simu, ujumbe na shajara hii vyote vinatumia tarakimu nne, 05:00 au 17:00, bila neno «saa tano» popote. Anayepokea simu hurudia kwa sauti, kwa mfano «sifuri tano sifuri sifuri, kabla ya jua kuchomoza». Na hakuna sirinji inayotoka chumbani kabla ya kuwekwa kwenye kalibreta ya dozi, mashine inayopima MBq zilizomo, na kipimo kulinganishwa na hesabu. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, kazi inasimama. Kalibreta yenyewe hupimwa kila asubuhi kwa chanzo cha sesi-137, ambacho kwa nusumaisha ya miaka 30 hakibadiliki kati ya Jumatano na Jumatano. Ikitoka nje ya asilimia 5, haitumiki.

Wiki ya 7

Probu. Hupimwa kwa kitufe cha kobalti-57, chenye keV 122 na nusumaisha ya siku 272. Jumatatu ilisoma theluthi moja tu ya iliyotarajiwa na barua ya malalamiko kwa muuzaji ikaanza kuandikwa. Probu ilikuwa nzima. Mtu alikuwa amebana dirisha la nishati, yaani upana wa nishati ambazo probu inazihesabu, hadi asilimia 10 kila upande wa 140, yaani keV 126 hadi 154, na miale ya kobalti ikaanguka nje ya mlango. Kwa asilimia 20, yaani 112 hadi 168, hesabu ilirudi. Tunabaki na dirisha pana. Jedwali la hesabu inayotarajiwa kwa kila wiki limebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku, maana kobalti nayo inachakaa na baada ya miezi tisa itasoma nusu.

Mambo mengine ya probu, kwa kifupi. Kisu cha umeme kikiwashwa karibu, spika hulia ovyo: zima, ndipo usikilize. Kifuniko tasa kikikunjwa mara mbili mbele ya kigunduzi hakidhuru hesabu, ila kikitoboka damu huingia kwenye kiungo na kusafisha ni kazi ya nusu siku. Betri mbili, moja chajani. Umeme ukipotea katikati ya upasuaji taa hurudi kwa jenereta ya dizeli baada ya sekunde chache, lakini probu ya kuchomekwa ukutani hujizima na kusahau dirisha uliloweka.

Wiki ya 8

Ujazo ndio uliotusumbua, si mionzi. Kwa upasuaji wa siku hiyohiyo tunalenga MBq 20 hivi kwa mgonjwa, ndani ya ml 0.2 hadi 0.4, kwenye ngozi pembezoni mwa duara jeusi la chuchu. Ngozi haipokei zaidi bila kuvuja. Rasimu ya kwanza ya oda ilisema MBq 100 ndani ya ml 2. Saa 09:00 hiyo imebaki MBq 31.5 kwa ml, na ml 0.4 inatoa 12.6 tu. Oda mpya: MBq 200 ndani ya ml 1 saa 05:00. Saa 09:00 ml 0.2 ni MBq 25. Saa 11:00, dakika ya mwisho ya kiti, ml 0.2 ni MBq 20 kamili. Jumla 200, nusu ya mpaka wa kifurushi cha msamaha.

Kwa hiyo wote wadungwe kabla ya 11:00, hata yule atakayepasuliwa alasiri. Hakuna hasara. Koloidi ikishaingia kwenye tezi humezwa na makrofeji, seli za kinga, na kukaa. Kinachopungua ni mionzi tu. MBq 20 za 11:00 ni MBq 11 saa 16:00, na probu bado inasikia vizuri.

Sirinji ni ya insulini, sindano iliyoungana na bomba. Sababu mbili: hakuna shimo la kupotezea dawa kati ya sindano na bomba, na sindano haichomoki. Kudunga ndani ya ngozi kunahitaji nguvu, na sindano ya kuchomeka ikiruka, mkupuo wa dawa hutua kwenye kwapa na kila mtu atasikia tezi ambayo haipo. Funika kwa shashi unapochomoa, badilisha glavu kabla ya kugusa kitu kingine, kisha mama asugue titi kwa dakika 5. Kiuvimbe cheupe kama cha kung'atwa na mbu kinaonyesha umeingia ngozini. Kisipoonekana, umepita chini na dawa itatembea polepole. Koloidi huzama: geuza kichupa taratibu mara kadhaa kabla ya kuvuta, na usiingize hewa ndani, kwa sababu oksijeni huharibu bati linaloshikilia teknetiamu kwenye albumini.

Cheti kutoka Nairobi lazima kionyeshe usafi wa kemikali ya mionzi wa asilimia 95 au zaidi. Teknetiamu iliyoachiliwa huru haibaki kwenye tezi; huingia damuni na kwenda thairoidi na tumboni. Mgonjwa mwenye mzio wa albumini ya binadamu hapewi.

Wiki ya 9

Mazoezi ya thieta kwa kilo mbili za nyama ya ng'ombe, mabaki ya teknetiamu ya safari ya majaribio, na vijibomba viwili vya maabara. «Chuchu» ilikuwa na MBq 20. «Tezi» ilikuwa na MBq 0.2, asilimia moja, kiasi ambacho tezi halisi inaweza kuwa nacho.

Hesabu ya kichwani iliyobaki ubaoni: nguvu hupungua kwa mraba wa umbali. Chanzo cha MBq 20 kilicho sentimita 10 kutoka kwenye probu kinapiga sawa na tezi ya MBq 0.2 iliyo sentimita 1. Bila kizibo cha risasi cha kuelekeza probu, huwezi kuvitofautisha. Waliokuwa wakishika probu kama maikrofoni, wakiielekeza titini, walipata «tezi» kila mahali. Waliosimama upande wa titi na kuielekeza mbali nalo, kuelekea kichwani na begani, waliipata ndani ya dakika tatu. Uvimbe ukiwa kwenye robo ya titi ya juu upande wa nje, ambako saratani nyingi hukaa, vuta titi kuelekea katikati kwa mkono wa msaidizi kabla ya kusikiliza.

Kanuni ya asilimia 10 pia ilifanyiwa mazoezi. Toa tezi, ielekeze mbali na mgonjwa, hesabu sekunde 10. Tuseme 4,200. Rudi kwenye shimo: chochote kinachozidi 420 kinatolewa, na ukifika chini ya hapo unaacha. Tezi ikiwa dhaifu, tuseme 300 tu, asilimia 10 ni 30, na hesabu ya 30 hupanda na kushuka kwa 5 au 6 yenyewe bila sababu. Hapo hesabu sekunde 30 au 60, usiamue kwa sekunde 10.

Na kidole hakistaafu. Tezi iliyojaa saratani hufunga mlango: limfu haiingii, dawa haiingii, probu inakaa kimya. Tezi ngumu inayoguswa hutolewa hata ikiwa baridi, yaani bila mionzi, na haina bluu.

Nyama haikuliwa. Ilikaa saa 60, nusumaisha kumi, ikapimwa sawa na mazingira, ikachomwa.

Wiki ya 10

Rangi ya bluu tunayoipata ni methilini ya asilimia 1. Ml 1 yake, yaani mg 10, pamoja na maji ya chumvi ml 4 inatoa mg 2 kwa ml. Hudungwa ml 2 hadi 4 chini ya chuchu, ndani kabisa, mgonjwa akiwa amelala kwa nusukaputi. Ukiiweka kwenye ngozi kama ulivyoweka teknetiamu, ngozi inaweza kufa na kuacha kidonda cha wiki nyingi. Dawa mbili, sehemu mbili, kina tofauti: sirinji ya bluu ina mkanda mwekundu.

Mtaalamu wa nusukaputi huambiwa kabla ya kudunga, kwa sababu kipima oksijeni cha kidoleni husoma chini ghafla mgonjwa akiwa salama. Kuna kikwazo ambacho miongozo ya nje hukitaja kwa mstari mmoja na sisi tunakiwekea ukurasa: upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Kando ya ziwa, ambako malaria imeishi na watu vizazi na vizazi, upungufu huu ni wa kawaida, na methilini inaweza kupasua chembe nyekundu za damu za mwenye nao. Kila mgonjwa anapimwa G6PD. Mwenye upungufu, anayetumia fluoksetini (dawa ya sonona) au dawa za jamii hiyo, na mjamzito, hawapewi bluu. Kwao tunabaki na teknetiamu peke yake. Mama aambiwe mapema kwamba mkojo utakuwa wa kijani kwa siku moja au mbili, la sivyo simu ya usiku itapigwa.

Wiki ya 11

Maabara waliomba vipande vikae stoo «vipoe» kabla ya kuvigusa. Ombi linaeleweka na ni hatari. Titi lililokatwa lisipotiwa fomalini ndani ya saa moja, vipimo vya ER, PR na HER2, vinavyoonyesha dawa ipi inaifaa saratani, huanza kupotea, na mama anaweza kunyimwa dawa ambayo ingemfaa. Tumekubaliana hivi: kata, fomalini hapohapo, lebo yenye muda, kisha stoo. Vipimo hivyo vinataka saa 6 hadi 72 ndani ya fomalini. Baada ya saa 24 mionzi imebaki asilimia 6. Fomalini na fizikia wanangoja pamoja.

Tezi hukatwa vipande vya mm 2 kwa urefu wake. Zaidi ya mm 2 za saratani ni metastasi (saratani iliyosambaa) kubwa. Kati ya 0.2 na 2 ni ndogo. Chini ya hapo ni chembe zilizotawanyika. Kwa mama asiyepata kemo, mwenye tezi moja au mbili zilizoguswa na atakayehifadhiwa titi na kupigwa mionzi ya tiba, utafiti wa Z0011 wa 2011 ulionyesha kwapa si lazima lisafishwe. Aliyepata kemo kwanza hayumo kwenye utafiti huo. Tezi yake ikiwa na saratani, kwapa linajadiliwa upya.

Wauguzi waliuliza kuhusu aproni za risasi. Hazihitajiki: mpasuaji hupata mikrosiverti chache kwa upasuaji mmoja, na mpaka wa raia wa kawaida ni mikrosiverti 1,000 kwa mwaka. Muuguzi mjamzito ana haki ya kupangiwa chumba kingine siku ya Jumatano bila kuulizwa maswali.

Wiki ya 12

Leseni imetoka. Wagonjwa wawili wa kwanza.

Kifurushi kilifika 08:20, juu ya sanduku mikrosiverti 2 kwa saa, joto la juu kabisa nyuzi 23. Kalibreta ilipishana na hesabu kwa asilimia 4. Kudunga 08:55 na 09:20. Mgonjwa wa kwanza: kiini cha sauti kwapani kikapatikana kupitia ngozi, tezi mbili, 3,850 na 910 kwa sekunde 10, zote bluu, shimo likabaki na 140. Wa pili, baada ya kemo: hakuna sauti kupitia ngozi dakika 90 baada ya kudungwa. Tulimsugua tena, tukamkalisha, tukasubiri. Saa 12:10 sauti ilikuja, dhaifu. Tezi tatu zikatolewa. Moja ilikuwa moto bila bluu, moja bluu bila moto, ya tatu vyote viwili. Kwa kifuatiliaji kimoja, chochote kile, mojawapo ingebaki kwapani. Baada ya kemo tunataka angalau tatu, na zilipatikana tatu.

Taka: mfuko mmoja wa shashi na glavu, kopo moja la sindano. Zimewekwa tarehe, zinafunguliwa Jumatatu.

Wiki ya 13

Ukungu Nairobi. Kifurushi kilifika 12:40. Mionzi ilitosha, MBq 83 kwa ml, na kishawishi kilikuwa kikubwa. Lakini kiti kiliisha muda saa 11:00, na hakuna aliyekuwa tayari kuthibitisha kuwa koloidi bado imeshikana. Dawa ilipelekwa stoo ya taka.

Uamuzi ulikuwa umeandikwa kabla, na ndiyo maana haukuzua ugomvi thieta: mgonjwa asiyepata kemo aliendelea kwa bluu peke yake, aliyepata kemo aliahirishwa hadi Jumatano inayofuata. Nauli yake ya kurudi Siaya imewekwa kwenye bajeti ya mradi kuanzia wiki hii. Ilipaswa kuwamo tangu mwanzo.

Wiki ya 14

Njia mbili zinapimwa dhidi ya ukungu. Ya kwanza ni kudunga Jumanne na kupasua Jumatano asubuhi. MBq 150 za 10:30 zinabaki 12.6 saa 08:00 kesho yake, sawa kabisa na MBq 20 baada ya saa nne. Ila MBq 150 saa 10:30 ni MBq 283 saa 05:00, na wagonjwa wawili wanatufikisha 566: kifurushi cha Aina A.

Ya pili ni kuletewa teknetiamu ghafi na kuchanganya kiti hapa, ili saa 6 zianze kuhesabiwa Kisumu. Inataka kabati la hewa safi, karatasi za kupimia usafi, na mtu aliyefunzwa. Kabati lipo maabara, halitumiki siku za Jumatano. Mtu bado.

Oda ya Jumatano: MBq 200, ml 1, 05:00, wagonjwa watatu. Aliyeahirishwa ni wa kwanza mezani.